Niliunganisha WhatsApp ya mume wangu kwenye simu yangu kwa miezi minne. Mwanamke sikumkuta

Habari za usiku wana jamvi. Niko Moshi, maeneo ya Pasua. Ni fundi cherehani, tuna watoto watatu, tumefunga ndoa mwaka 2012. Mume wangu ni mwongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa siku mbili, usiku, watoto wakishalala.

Kilichonisukuma ni mteja. Wiki iliyopita alikuja binti kupimwa gauni la sendofu. Nimemzungushia tepu kiunoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, unajua njia ya kusoma meseji za mtu bila yeye kujua?" Alitaka asome za mchumba wake, na mahari imeshatolewa. Njia naijua. Nikamwambia siijui. Gauni lake nikakosea kulikata kwa sentimita mbili, kitu ambacho hakijanitokea miaka mingi.

Nianzie mbali kidogo ili mnielewe.

Tulipofahamiana mwaka 2009 mume wangu alikuwa bado mgumu. Wasio wa huku, mgumu ni mpagazi, yule anayebeba mzigo wa kilo 20 kichwani hadi kambini, anafika kabla ya mgeni na kukuta hema halijasimama, alisimamishe yeye. Simu yake ilikuwa ya tochi. Mimi nilikuwa nashona kwa mama mmoja karibu na Soko la Mbuyuni, nayo simu yangu ilikuwa ya kuazima laini. Vocha hatukuwa nayo wote wawili. Basi tulikubaliana hivi: akipanda mlima kwa njia ya Machame, sitamsikia. Akishuka, akifika geti la Mweka, ananibipu mara mbili. Ya kwanza nimeshuka, ya pili mzima. Sipokei, sipigi. Naendelea kushona.

Siku sita, saba, sijui yuko wapi wala anaongea na nani. Jamani, sikuwahi kuumwa tumbo. Niliogopa baridi, niliogopa mawe ya ule ukuta wa Barranco wanaoupanda, lakini sikumwogopa yeye. Ile bipu mbili ilikuwa inanitosha kuliko meseji mia za sasa.

Sasa simu janja zilipokuja, na yeye akasoma Kiingereza, akapanda akawa msaidizi, halafu mwongozaji kamili. Hapa nataka nimtendee haki. Watu wengi wanashauri, "Mwambie afute Instagram." Nani atafuta shamba lake? Wageni siku hizi wengine wanamtafuta mwongozaji wenyewe. Wanaona picha zake, wanaona amefika kileleni na watu wa kila umri, wanamwandikia moja kwa moja. Ada za shule za watoto wangu wawili zimetoka kwenye picha zile. Kwa hiyo picha zilikuwa lazima. Na kwenye picha kuna wanawake. Mtu amepanda mita 5,895, analia, anacheka, amemkumbatia aliyemfikisha pale. Chini yake mioyo, mioyo, mioyo, na maneno ambayo nilikuwa nayapeleka kwa mtoto wa jirani wa kidato cha nne anitafsirie.

Nilianza kuzihesabu hizo alama za mioyo. Nilijua nani anaweka kila mara. Kuna mmoja nilijua hadi mbwa wake anaitwa nani.

Halafu likaja suala la "yuko mtandaoni". Usiku mmoja niliamka saa nane, nikachungulia, nikaona yuko hewani. Yuko mlimani, mimi nimemtumia "umelalaje" tangu saa mbili hajajibu, na saa nane ya usiku yuko hewani. Mke wa mtu wa mlimani anajua kwamba safari ya kileleni inaanza saa sita usiku. Anajua kwamba wanapanda gizani, na upande unaotazama Moshi simu inaweza kudaka mtandao ghafla, meseji zikaingia zote kwa pamoja mfukoni. Nilijua yote hayo. Lakini akili ya mchana usiku haipo.

Mwaka 2022, mwezi wa Agosti, shirika la simu la TTCL walifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720. Wengine walishangilia. Sisi wake wa waongozaji, kuanzia siku ile neno "hakukuwa na mtandao" likaanza kunuka. Horombo iko njia ya Marangu, mume wangu kazi zake nyingi ni Machame. Hilo nalo nilijua. Nikalinyamazia, maana hasira ilikuwa tamu kuliko ukweli.

Kwenye kikoba chetu kuna dada mmoja ndiye aliyenifundisha. Sitaeleza hatua kwa hatua hapa. Niseme tu kwamba nilikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na siku moja mume wangu alipoingia kuoga, haikuchukua hata dakika moja. Simu ile nikaificha kwenye boksi la vipande vya vitenge, chini ya meza ya cherehani. Kuanzia hapo, kila anachoandikiwa kikawa kinaingia kwake na kwangu.

Niwaambie nilichokuta.

Mwezi wa kwanza: bei za oksijeni, utani wa waongozaji, nani kadhulumiwa bakshishi, mama yake anauliza mbolea ya migomba. Deni la viatu ambalo hakuniambia, laki na themanini. Yule mwenye mioyo mingi na mbwa ni bibi wa Uholanzi mwenye wajukuu wanne, anamtumia picha za wajukuu, na mume wangu anamtumia picha za watoto wetu. Kumbe hata mimi nilikuwemo. Alikuwa amemwandikia kwamba gauni la kipaimara la binti yetu nimelishona mimi, usiku mmoja.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliendelea. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hasa ninyi vijana. Nilipokosa ushahidi sikutulia. Nilisema atakuwa ana laini nyingine. Nilisema anafuta. Kila siku bila kitu ilikuwa siku ya kuchimba zaidi. Nilikuwa naacha nguo za wateja, nasoma. Mtoto anaongea na mimi, nasoma. Mume mwenyewe yuko mezani anakula ndizi nilizopika, namjibu "mm", mkono uko kwenye boksi.

Mwezi wa tatu nikakuta kitu. Alikuwa anaongea na mwongozaji mwenzake, rafiki yake tangu walipokuwa wagumu. Nayaandika kwa kifupi. Safari iliyopita, kambi ya Barafu, alishindwa kupumua. Sio ile ya kuchoka. Amekaa chini amepumzika na bado pumzi haiji, kifua kinaunguruma, kikohozi kinatoa povu. Wao wanaijua hali hiyo kwa sababu wanafundishwa kuiona kwa wageni: maji yanaingia kwenye mapafu kwa sababu ya kimo, na dawa yake kubwa ni kushuka, kushuka usiku huo huo. Yeye ndiye mwongozaji, na akashushwa kama mgeni. Akamwambia rafiki yake, "Nimeogopa kaka. Mama watoto usimwambie. Ana watoto watatu wa kuwaza."

Nilisoma maneno yale nimekaa kwenye cherehani, mchana, redio inaimba. Mume wangu alikuwa amekaribia kufa, na alirudi nyumbani nikampokea kwa uso wa kesi.

Usiku huo alilala akakohoa. Nilitaka kumshika mgongo nimwambie, najua, pole, usirudi kule juu mpaka ukapimwe. Sikuweza. Ningemwambia nimejuaje? Nililala namsikiliza anavyokohoa, na nilichokijua kilikuwa kimenikaa kooni kama mfupa wa samaki. Siku tatu baadaye alirudi mlimani na mimi nilimfungia mkoba.

Wana jamvi, hili ndilo ninalotaka kulisema kuliko yote. Nilikuwa najua kila kitu cha mume wangu na sikuwa na haki ya kukitumia hata kimoja. Mtu anayekuambia siri yake anakupa pamoja na ruhusa ya kumpa pole. Ukiiba siri, unabaki nayo peke yako.

Sasa nilivyokamatwa.

Wengi hawajui kwamba ukifungua meseji kwenye simu ya pili, aliyetuma anaona tiki za bluu, kana kwamba mwenyewe kasoma. Nilikuwa mwangalifu, nilikuwa nasoma juu juu bila kufungua. Ila usiku ule nilikuwa na usingizi. Mume wangu yuko mlimani, simu kaizima kwa sababu baridi inakula chaji. Ikaingia meseji ya wifi yangu, mdogo wake wa kike, anaishi Arusha, Sombetini. Nikaifungua. "Kaka, mtoto amelazwa, homa kali, wanataka hela ya vipimo, nisaidie hata elfu hamsini nitakurudishia."

Saa tano usiku. Tiki zimekuwa bluu. Wifi akaandika "Kaka?" Dakika kumi. "Kaka umeona?" Nami nikazisoma zote mbili.

Fedha nilikuwa nazo. Nilikuwa na elfu sabini ya kitambaa cha mteja. Ningetuma usiku ule ule, ningeulizwa nimejuaje. Nilikaa na simu mbili mkononi mpaka karibu alfajiri. Mtoto wa watu yuko wodini, mimi napanga uongo. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia wifi, nikajifanya nimemkumbuka tu, nikasalimia watoto. Akaniambia, nikasema "pole jamani!" kwa sauti ya kushtuka, nikamtumia elfu hamsini na ya kutolea. Mtoto alipona, namshukuru Mungu kila siku. Lakini wifi alikaa siku nne akiamini kaka yake amesoma meseji tatu za mtoto mgonjwa na akanyamaza.

Mume wangu aliposhuka alikuta dada yake hapokei simu zake. Walipokuja kuongea, akamwambia "mimi nilikuwa kambi ya Karanga, simu imezimwa." Wifi akamtumia picha ya zile tiki. Yeye si mjinga. Akaingia kwenye mipangilio, vifaa vilivyounganishwa, akakuta kimoja. Jina la simu yangu ya zamani, ambayo alininunulia yeye.

Hakupiga kelele. Alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

Akanyamaza sana. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ile ya Barafu uliisoma?"

"Niliisoma."

"Na ukanifungia mkoba nikarudi."

Sina la kuongeza hapo. Alikwenda kulala Kibosho kwa mama yake wiki mbili. Sasa amerudi, amepimwa, tunaongea. Lakini simu yake ikiita tukiwa wote wawili, tunainamisha macho, kila mmoja anaangalia pembeni. Karibuni mchangie. Msinitukane sana, na mkinitukana nitasoma.

*

Mtoto wa Unga Limited, Arusha:
Dada pole, ila mimi nasema ukweli. Hukukuta kwa sababu ana laini nyingine. Mwanaume wa mlimani, mwenye wageni, asiwe na mtu? Ungevumilia miezi sita ungekuta.

Mleta uzi:
Kaka yangu, maneno yako ndiyo yaliyonishikisha ile simu miezi minne, nilikuwa najiambia mwenyewe kila usiku. Ungeniambia miezi sita, kisha mwaka. Hakuna siku ambayo ungesema sasa inatosha, hana mtu.

Binti wa Njiro:
Mimi niko chuo mwaka wa pili. Sijaolewa ila naomba niseme upande wetu. Kwetu kesi kubwa siyo kusomwa, ni kuposti. Nimekuwa na kaka mmoja mwaka mzima, hajawahi kuniweka hata kwenye stetasi. Anaweka gari la bosi wake, anaweka nyama choma, anaweka mpira uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mimi hapana. Nikimuuliza anasema mapenzi si ya kutangaza. Nikaamini. Siku ya kuzaliwa kwangu mimi nikamuweka yeye. Ndani ya saa moja kaniambia nifute, na ndani ya saa mbili nimepigiwa simu na dada mwingine, wa Moshono, anauliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, huyo uliyemweka ni nani kwako?" Wote wawili tulikuwa tumeambiwa mapenzi si ya kutangaza. Yule dada na mimi sasa ni marafiki, tunasalimiana. Kwa hiyo mleta uzi, nimekuelewa, lakini kwangu mimi ile stetasi iliniokoa, na sitaisema vibaya.

Mleta uzi:
Mdogo wangu, usiiseme vibaya. Na ona tofauti yetu. Wewe uliweka picha yako hadharani, ukasubiri ukweli uje kwa miguu yake. Mimi niliingia dirishani.

Konda wa Coaster, Arusha–Moshi:
Heshima kwenu. Mimi barabara hii ya kilometa 80 nimeifanya miaka tisa. Nauli za mapenzi nazijua. Watu wanacheka wakisikia "kala nauli", kwamba kijana katuma hela ya nauli na binti hakuja. Mimi sicheki tena. Nimemwona kijana stendi amevaa shati jipya, kiatu kimepakwa rangi, tumefika na gari la saa nne anachungulia madirisha, la saa sita anachungulia, la saa tisa anachungulia. Jioni nikamnunulia chai. Picha aliyokuwa anaandikiana nayo, nilipoiona, niliitambua kwenye kalenda ya mafuta ya nywele.

Na upande wa pili upo. Mwaka jana abiria wa basi la Babati, binti ana begi kubwa na kuku wawili, amekuja kuolewa na mtu aliyemjua Facebook. Wazazi wake hawajui. Namba imezimwa. Saa mbili usiku bado amekaa juu ya begi. Nilimpigia mke wangu, nikamwambia nakuja na mgeni, usifikirie vibaya. Akalala kwetu siku mbili, mke wangu akampigia mama yake, tukamrudisha. Kuku alituachia mmoja. Zamani mtu akija kuposa unamuuliza wa ukoo gani, wa kijiji gani, mshenga wake nani. Angalau ujue nyumba ya kwenda kulia.

Bibi wa Machame (naandikiwa na mjukuu):
Wanangu hamjambo. Msidhani zamani hakukuwa na kuchungulia. Mume wangu alifanya kazi Tanga kwenye mkonge. Barua zake zilikuja kwa mwalimu wa shule, maana mimi sikujua kusoma. Mwalimu anasoma, mke wa mwalimu anasikia, jioni kijiji kizima kinajua mume wangu kanikumbuka. Na nikitaka kumjibu neno la mke na mume, nimwambie mwalimu aandike? Nilikuwa nasema tu "migomba haijambo". Yeye alijua maana yake.

Kwa hiyo mwanangu wa Pasua, dhambi yako siyo ya simu. Ni ya kunyamaza ukiwa umejua. Nikuulize, wifi yako umemwombaje msamaha? Usiniambie kwa meseji. Kama hujakwenda, chuma isale, lile jani letu la kuombea msamaha, lishike mkononi, nenda Arusha ukiwa umevaa vizuri. Mchagga aliyeletewa isale hawezi kukurudisha.

Msomaji wa sheria, Sanawari:
Naomba niingize jambo moja kwa ajili ya binti wa gauni na wengine wanaosoma kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na kunasa mawasiliano ya mtu. Simu imo. Sheria inasema "mtu", haikusema isipokuwa mke, mume au mchumba. Watu wanadhani cheti cha ndoa ni pasiwedi.

Na kwa wale wenye shida nzito zaidi. Kila mwezi naletewa kesi ya kijana, mara nyingi msichana, ambaye aliyekuwa mpenzi wake anamtishia kusambaza picha zake za faragha. Anaambiwa toa hela, au rudi tuwe wote. Mdogo wangu unayesoma hapa: usitoe hela, maana atarudi. Usifute meseji za vitisho, ndizo ushahidi. Nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Aibu ni ya anayesambaza. Sheria hiyo hiyo inamhusu.

Kwa walio kwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka kwanza mpite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Nimeona wengi wanaruka hatua hiyo, wanaanzia kwenye stetasi. Ukishaweka aibu ya mwenzako mbele ya watu mia tatu, mzee wa baraza atasuluhisha nini?

Mke wa mgumu, Kiboriloni:
Mleta uzi umenitoa machozi. Mimi sijaunganisha simu ila nina dhambi nyingine. Mume wangu akiwa mlimani naweka stetasi za mafumbo. "Wengine wanatuona wajinga." Simtaji. Anashuka amechoka, mabega yamechubuka na mzigo, anafungua simu, anakuta fumbo langu limeshasomwa na wagumu wenzake wote, wanamtazama. Aliniambia mara moja tu: "Ungenisubiri nishuke, ungeniambia mimi." Nimefuta leo.

Mtoto wa Unga Limited, Arusha:
Dada, nimerudi. Nimesoma ya konda na ya bibi. Niseme tu kwamba mimi ndiye niliyekuta kitu, miaka miwili iliyopita, kwenye simu ya aliyekuwa mchumba wangu. Nilikuta kweli. Na bado sijapona na sijamwamini mtu hadi leo. Ndiyo maana nilikuandikia vile. Samahani.

Mleta uzi:
Kaka, pole sana. Nimekusamehe kabla hujamaliza kuandika. Wewe uliyekuta na mimi niliyekosa, wote tumetoka na usingizi mbovu.

*

Mleta uzi, nyongeza baada ya siku tisa:

Mmeniuliza kinachoendelea.

Bibi wa Machame, shikamoo. Nimekusikia. Jumamosi nilipanda Kibosho kwa mama mkwe, nikamwambia nataka isale. Hakuniuliza la nini. Alichukua kisu, akaenda mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, akachagua jani, akalifunga fundo. Nililiweka kwenye mkoba juu ya vitenge lisivunjike, nikapanda Coaster mpaka Arusha, nikachukua bodaboda hadi Sombetini.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Wifi alipofungua mlango yalipotea yote. Nikalitoa. Yeye amezaliwa Arusha, nikawaza pengine hatalijua. Alilijua. Alilitazama kwa muda, mtoto wake amemshika sketi, yule yule aliyelazwa, mzima, anakula muhogo. Akalipokea kwa mikono miwili. Akaniambia, "Ingia wifi, jua kali." Hatukulijadili. Aliliweka kwenye glasi ya maji dirishani, tukamenya viazi. Wakati wa kuondoka ndipo aliposema, "Usiku ule nilimchukia kaka yangu. Hicho ndicho kilichoniuma, si hela." Nikamwambia najua. Akasema, "Hujui." Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli.

Simu ya kioo kilichopasuka nimempa fundi pale stendi, kachukua spea.

Binti wa gauni alirudi kuchukua. Nikamweleza kila kitu, mlango umefungwa, tumekaa sakafuni na gauni limetanda katikati yetu. Nikamwambia kama una neno juu ya huyo kijana, liulize kabla ya sendofu, liulize umemtazama, na kama majibu hayatoshi rudisha mahari, nitakurudishia hela ya gauni. Alilia. Sijui alichoamua. Gauni amelichukua.

Mume wangu daktari amemruhusu, ila amewaambia ofisini kwake kwamba akisikia kifua kimebana anashuka, hata kama ni yeye kiongozi wa msafara. Hilo aliniambia mwenyewe, mezani, bila kuulizwa. Namba ya siri ya simu amebadilisha. Sijaiuliza.

Amepanda juzi, Machame. Jana usiku sikumwandikia. Leo watakuwa Barranco. Wanashuka Mweka Jumatano, kama saa sita mchana, na simu yangu nimeiweka juu ya cherehani, sauti imefunguliwa.